Usiseme Ni Vidonda vya Tumbo Tu

 

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida. Usiusome ukiwa kwenye matatu halafu ukauacha katikati. Tafuta mahali utulie. Kama una mwana au binti wa miaka 20 au 30 na kitu, msomee. Leo naongea hasa na ninyi vijana, ninyi mnaotuambia, "Pasta, hayo ni magonjwa ya wazee."

Nataka tuongee kuhusu saratani ya tumbo. Mimi si daktari. Chuoni nilisomea Biblia. Haya nimeyajua kwa kukaa kando ya vitanda wodini, kwa kuwauliza maswali madaktari na wauguzi wanaoabudu nasi, na kwa kusoma. Kwa hiyo usinichukue kama daktari wako. Nichukue kama mchungaji ambaye amezika vijana na hataki kuzika wengine.

Neno lenyewe ni hili, na nalisema mapema ili hata ukiishia hapa uwe umelibeba. Saratani ya tumbo ikimpata kijana, dalili ya kwanza ya kumshtua huenda isiwe tumboni kabisa. Inaweza kuonekana shingoni, kitovuni, mgongoni, mguuni, au kwenye ovari. Na kwa kuwa mwenyewe ni kijana, kila mtu anafikiria ugonjwa mwingine, na miezi inapita.

Tulikuwa na dada mmoja katika ushirika wetu. Sitamtaja jina, na ninyi mnaomjua nawaomba msimtaje. Familia yake imenipa ruhusa kuandika, na yeye mwenyewe aliniomba kabla hajatuacha. Aliniambia, "Pasta, waambie wasichana. Waambie tumbo halikuwa linaniuma sana."

Alikuwa na miaka 29, mama wa mtoto mmoja, muuzaji wa nguo za mitumba. Karibu mwaka mzima alikuwa anashiba upesi. Akila ugali nusu sahani, ametosheka. Wenzake sokoni wakamsifu kwamba anapungua vizuri, wakamuuliza siri. Kiungulia kikimsumbua, anapita duka la dawa, ananunua vidonge vya kupunguza asidi, anapata nafuu wiki mbili, kazi inaendelea. Kisha tumbo la chini likaanza kutokeza. Watu wakampongeza: mwingine anakuja! Wengine, kwa kuwa mume wake anafanya kazi mbali, wakaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Mnajua midomo yetu.

Alipopimwa, hakuwa na mimba. Picha ilionyesha uvimbe kwenye ovari zote mbili. Madaktari wakadhani ni ugonjwa wa ovari, akafanyiwa upasuaji. Kinyama kilichotolewa kikapelekwa maabara, na jibu lililorudi hakuna aliyelitarajia. Chembe hizi hazikuzaliwa kwenye ovari. Zimetoka tumboni. Ndipo alipopitishwa kamera, wakakuta ukuta wa tumbo umekuwa mnene na mgumu, haupanuki tena. Ndiyo sababu alikuwa anashiba kwa nusu sahani. Baada ya miezi 6 tulimzika.

Sasa nisikilize vizuri. Jambo hili si la ajabu kwa wataalamu, na wala si laana mpya iliyoingia kwenye ukoo wao. Mwaka 1896 daktari Mjerumani aitwaye Friedrich Krukenberg aliandika kuhusu uvimbe wa ovari wa namna hii. Yeye mwenyewe alidhani umezaliwa palepale kwenye ovari. Wenzake waliokuja baada yake ndio waliogundua kwamba chanzo huwa kwingine, na mara nyingi ni tumboni. Mpaka leo uvimbe huo unaitwa kwa jina lake. Basi ikiwa yule aliyeutambua kwanza hakujua ulikotoka, wewe usimcheke muuza mitumba kwa kutojua. Na usimwambie mama yake kwamba kuna mtu aliwatupia kitu.

Ovari si mahali pekee. Wacha nikutajie pengine.

Kuna shingo. Juu ya mtulinga wa kushoto, pale penye kishimo, tezi inaweza kuvimba ikawa ngumu na isiume. Rudolf Virchow, Mjerumani mwingine, alieleza habari zake mwaka 1848. Kwa nini kushoto? Kwa sababu mfereji mkuu unaobeba maji ya tezi kutoka tumboni hupanda kifuani na kumwaga kwenye mshipa mkubwa wa upande huo. Chembe za saratani zikiingia kwenye mfereji huo, hapo ndipo hutua. Mtu anaweza kuona uvimbe wa shingo akatibiwa shingo, kumbe habari imetoka chini.

Kuna kitovu. Hii naipenda kwa sababu aliyeiona hakuwa daktari. Alikuwa mtawa na muuguzi, Sista Mary Joseph Dempsey, aliyefanya kazi katika Hospitali ya St. Mary's kule Rochester, Minnesota, Marekani, akimsaidia daktari wa upasuaji William Mayo. Alipokuwa akiwaandaa wagonjwa kwa upasuaji, aliona kwamba wale wenye kinundu kigumu kitovuni hukutwa na saratani iliyosambaa ndani. Akamwambia daktari, na daktari akasikiliza. Mwaka 1928 Mayo aliandika kuhusu jambo hilo, na baadaye kinundu hicho kikapewa jina la yule sista. Muuguzi unayesoma hapa, ukiona kitu, sema. Daktari unayesoma hapa, muuguzi akikuambia kitu, sikiliza.

Kuna mishipa ya damu. Mguu au mkono unavimba na kuuma bila kuumia popote, kumbe damu imeganda ndani ya mshipa. Armand Trousseau, daktari mkubwa wa Paris, alifundisha mwaka 1865 kwamba damu kuganda hivi bila sababu kunaweza kuwa ishara ya saratani iliyojificha. Miaka miwili baadaye aliona dalili hiyohiyo mwilini mwake mwenyewe. Alijua maana yake. Alikufa mwaka huohuo wa 1867, kwa saratani ya tumbo.

Kuna mgongo, ugonjwa ukifika kwenye mifupa. Kijana wa boda boda anadhani ni pikipiki, mwenye mjengo anadhani ni mizigo. Kuna macho kugeuka manjano. Kuna tumbo kujaa maji. Kuna kuchoka na kupumua kwa shida ukipanda ngazi, kwa sababu tumbo limekuwa likivuja damu kidogo kidogo bila wewe kuiona, na damu mwilini imepungua. Msichana anaambiwa ni hedhi. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, na hakuna anayeuliza damu inaendea wapi.

Ngoja. Kabla hujaanza kujipapasa shingo na kulia, nisikilize tena. Kila dalili niliyotaja ina sababu nyingine zilizo za kawaida zaidi. Tezi shingoni hapa kwetu mara nyingi ni TB au maambukizi mengine. Kitovu kikivimba, mara nyingi ni ngiri. Tumbo la chini likivimba, mara nyingi ni mimba au uvimbe wa kizazi usio saratani. Mgongo unauma kwa sababu umelala vibaya. Walio wengi wenye kiungulia hawana saratani, na hata wanaougua saratani ya tumbo wengi wao ni watu wazima wa zaidi ya miaka 50. Vijana ni wachache. Sikutaji haya ili ulale macho wazi. Nakutajia ili sababu ya kawaida ikitibiwa na dalili isiondoke, usikubali kuambiwa, "Wewe ni kijana, rudi nyumbani."

Utaniuliza, kwa nini vijana hugunduliwa wakiwa wamechelewa? Sababu nimeziona tatu.

Ya kwanza ni aina ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1965 mtaalamu wa Finland, Pekka Laurén, alionyesha kwamba saratani ya tumbo ina aina mbili kubwa. Moja hukua kama uvimbe ulioshikamana, unaoonekana. Nyingine hutawanyika. Chembe zake hazishikani, hupenya moja moja ndani ya ukuta wa tumbo kama mbegu zilizorushwa shambani. Hii ya pili ndiyo inayoonekana zaidi kwa vijana, na wanawake vijana hasa. Inaweza kutambaa chini ya ngozi ya ndani ya tumbo, hata kamera ikipita mara ya kwanza juu pakaonekana karibu kawaida. Ndiyo maana daktari anapaswa kuchukua vinyama kadhaa, na ndiyo maana dalili zikiendelea unapaswa kurudi hata kama kipimo cha kwanza kilisema uko sawa.

Ya pili ni dawa tunazojipa wenyewe. Vidonge vya kupunguza asidi ni dawa nzuri, vimesaidia watu wengi, sivipigi vita. Lakini vinaweza kutuliza maumivu, na hata kukifanya kidonda chenye saratani kionekane kinapona, huku ugonjwa unaendelea. Ukinunua mwenyewe mwezi baada ya mwezi, umezima kengele na moto uko jikoni.

Na hapa niseme neno kuhusu H. pylori, maana kila nyumba siku hizi kuna mtu ameambiwa anayo. Ni bakteria. Barry Marshall na Robin Warren waliigundua kule Perth, Australia, na mwaka 1984 Marshall aliinywa yeye mwenyewe ili kuonyesha kwamba inaleta ugonjwa tumboni. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Lakini walio wengi wenye bakteria hiyo hawapati saratani kamwe. Ukiambiwa unayo, usizimie. Kunywa dawa zote kama ulivyoandikiwa, umalize, kisha urudi upimwe tena uone kama imekwisha. Shida yetu ni kunywa siku 4, tukajisikia vizuri, tukamgawia shemeji zilizobaki.

Ya tatu ni umri. Umri wenyewe unafunga macho ya watu, mgonjwa na anayemhudumia pia. Korea Kusini, nchi yenye saratani ya tumbo nyingi, ina mpango wa kitaifa wa kuwapima watu wake kila baada ya miaka 2, lakini hata huo huanzia miaka 40. Mwenye miaka 29 hayumo. Kwa hiyo kijana, popote ulipo, kinga yako kubwa ni kusema mapema na kusema yote.

Na usidhani Kenya hatuwajui vijana wenye saratani. Mwaka 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek kule Bomet waliandika katika jarida la Lancet kuhusu saratani ya umio, yaani bomba la chakula, jirani kabisa wa tumbo, wakionyesha jinsi inavyowapata vijana wa eneo hilo. Na wote tunakumbuka mwaka 2019, mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alipofariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 41. Ugonjwa hauombi kitambulisho.

Kuna mambo ya damu pia. Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand walichunguza ukoo mmoja wa Kimaori uliokuwa umepoteza watu wengi, wakiwemo vijana wadogo sana, kwa saratani ya tumbo. Walikuta kasoro katika jeni moja iliyorithiwa kutoka kizazi hadi kizazi. Familia za namna hii ni chache. Lakini kama kwenu wamekufa wawili au watatu kwa "tumbo", hasa wakiwa na umri mdogo, mwambie daktari. Sisi tunasema, "Kwetu tunafuatwa." Tunazunguka kutafuta anayetufuata, na daktari hatumwambii kitu. Mwambie. Hiyo habari inaweza kumwokoa mdogo wako.

Sasa niongee kama mchungaji.

Najua kuna mtu anasoma huku anajiuliza, "Pasta, imani iko wapi?" Nitakujibu. Paulo alipojua kwamba Timotheo, kijana wake katika huduma, anasumbuliwa na tumbo mara kwa mara, alimpa ushauri wa kitu cha kutumia, ile dawa ya siku zao. Hakumwambia kwamba imani yake imepungua. Hezekia aliomba akiwa kitandani, Mungu akasikia, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Luka aliyesafiri na Paulo alikuwa tabibu. Mimi nakuombea kila siku, na nitakuwekea mikono ukija. Lakini ukija kwangu mara tatu na tumbo lilelile, nitakuuliza karatasi ya hospitali iko wapi. Maombi hayaogopi kamera.

Dada yetu alipougua, kuna mtu alimpelekea ujumbe kwamba atubu dhambi iliyofichika. Wapendwa, mtu anatapika usiku kucha na wewe unamtumia ujumbe kama huo? Tangu nianze huduma hii sijaona mgonjwa hata mmoja aliyeponywa na lawama. Nimeona waliopata nguvu ya kwenda hospitali kwa sababu kuna aliyewasindikiza, aliyemlaza mtoto wao, aliyefungua kibanda chao sokoni ili wateja wasipotee. Wale akina mama wa ushirika waliouza nguo zake kwa zamu miezi ile 6, bila kuguswa hata shilingi, hao walinihubiria mimi.

Basi ufanye nini? Shika haya.

Nenda ukapimwe ukiwa na dalili hizi zisizoisha kwa wiki kadhaa: kushiba upesi kuliko zamani, kupungua uzito bila kutaka, kiungulia au maumivu yanayorudi kila ukiacha dawa, kichefuchefu, chakula kukwama unapomeza. Usingoje wiki ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, macho yakigeuka manjano, au mguu mmoja ukivimba ghafla. Nenda siku hiyohiyo.

Ukifika, sema yote kwa mpigo mmoja. Usiseme tu "mgongo". Sema, "Mgongo unauma, na pia nashiba upesi, na suruali zinanilegea." Mgongo peke yake una sababu mia. Yote matatu pamoja yanamfanya daktari asimame. Taja umekunywa dawa gani na kwa muda gani. Kama una tezi ngumu isiyoisha, uliza kama kinyama kinaweza kuchukuliwa. Kama damu yako iko chini, uliza inapotea wapi.

Usiogope kamera. Unakaa bila kula saa kadhaa, unapulizwa dawa ya ganzi kooni au unapewa dawa ya kukutuliza, mrija mwembamba unapita mdomoni, na baada ya dakika chache wamemaliza. Haipendezi, lakini inavumilika. Hakikisha umejisajili SHA na malipo yako yako sawa kabla hujaugua. Kama pesa ndiyo inayokuzuia, njoo uniambie mimi au mzee wa ushirika. Tumewahi kufanya harambee ya jeneza. Tufanye ya kipimo, ni nafuu zaidi. Saratani ya tumbo ikikutwa mapema, upasuaji unaweza kuiondoa kabisa. Muda ndio dawa ambayo hatuwezi kukuchangia.

Na wewe ambaye umeshaambiwa imesambaa, sijakusahau. Hukukosea chochote. Hata sasa kuna matibabu ya kupunguza kasi ya ugonjwa na kupunguza maumivu. Kuna huduma za hospisi hapa nchini. Nairobi Hospice iko tangu mwaka 1990, na hospitali nyingi sasa zina watu waliofunzwa kazi hiyo. Kukubali morfini si kukata tamaa. Dada yetu alipopata dawa sahihi ya maumivu, aliweza kumsuka mtoto wake nywele na kucheka. Siku zile hatukuziongeza sisi, lakini zilikuwa siku njema.

Nina ombi moja. Usiandike Amina tu halafu ukaendelea na mambo yako. Mfikirie kijana mmoja unayemjua ambaye siku hizi anaacha chakula sahanini, aliyepungua na kila mtu anamsifu. Mpigie leo. Muulize, "Unakula vizuri?" Akikwambia ni vidonda vya tumbo tu, muulize aliyemwambia hivyo ni nani, na alimpima lini.

Bwana, wahurumie vijana wetu. Wape ujasiri wa kusema wanachokisikia mwilini. Wape madaktari masikio na macho. Utupe sisi mikono ya kusaidia, na midomo yetu uiwekee mlinzi. Amina.

Mbarikiwe. Tuonane Jumapili.

Mchungaji wenu.